Mwalimu Aliyetolewa Kwenye Skripti: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanariadha na Mkataba wa Filamu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanariadha mstaafu wa mbio ndefu kutoka nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, ambaye maisha yake yanatengenezewa filamu ambayo bado haijatoka. Familia yake ilinishirikisha kuanzia hatua ya kuisoma skripti hadi kutiwa saini kwa mkataba wa pili. Majina, kijiji, mashindano, nchi ilikotoka kampuni na viwango vya fedha vimeondolewa, na mambo machache ya pembeni yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mtiririko wa matukio na hoja zilizobishaniwa vimeachwa kama vilivyokuwa, na familia imeridhia kisa kiandikwe ili wanamichezo wengine wanaofuatwa na watayarishaji wa filamu wapate pa kuanzia.

Usuli

Tanzania ina hazina kubwa ya hadithi za riadha ambazo sinema haijazigusa ipasavyo. John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaimaliza mbio, muda mrefu baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo mbio za mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia. Gidamis Shahanga alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978, Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na Juma Ikangaa akashinda New York mwaka 1989. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, kwa tofauti ya sehemu ndogo mno ya sekunde katika marathoni ya zaidi ya saa mbili. Hadithi zikiwa nyingi na filamu zikiwa chache, mwanariadha anayefuatwa na mtayarishaji hana jirani wa kumuuliza yeye alitia saini nini.

Mwanariadha wa kisa hiki si miongoni mwa hao niliowataja. Alizaliwa katika familia ya wakulima na wafugaji, akasoma shule ya msingi ya kijiji, na huko akaonwa na mwalimu wa hesabu aliyekuwa pia akisimamia michezo. Mwalimu huyo hakuwa na cheti cha ukocha. Alikuwa na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, barabara ya vumbi inayopanda kilima, na mazoea ya kuandika kila jambo. Hata baada ya kijana kuchukuliwa na timu ya taasisi moja ya umma, mwalimu aliendelea kumpangia mazoezi kwa barua, na kijana alimjibu akieleza muda aliokimbia, hali ya miguu yake na chakula alichokuwa akila kambini. Mwalimu alifariki kabla mwanafunzi wake hajapata ushindi wake mkubwa kuliko yote ughaibuni.

Watu wengine wawili ni wa lazima katika kisa hiki. Wa kwanza ni mke wa mwanariadha, ambaye aliendesha shamba na kulea watoto miaka yote mumewe alipokuwa kambini, na ambaye katika msimu mmoja wa majeraha aliuza mahindi na ng'ombe ili mumewe atibiwe. Wa pili ni mpinzani wake wa ujanani, kutoka kijiji cha jirani, waliyefanya mazoezi pamoja na kupokezana ushindi. Uhusiano wao uliwahi kuingia baridi kwa sababu ya nafasi moja ya timu ya taifa, kisha ukapona. Mpinzani huyo yu hai, ana wajukuu, na anaheshimika kwao.

Makubaliano ya kwanza

Mtayarishaji alikuwa kampuni ya Ulaya iliyoshirikiana na kampuni ndogo ya hapa nchini. Walikuja kwa heshima zote. Walipiga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, waliwasalimia wazee, walikaa na mwanariadha siku kadhaa wakimsikiliza na kumrekodi, na kwa kila nilichokiona baadaye sina sababu ya kudhani kwamba walikuja na nia ya kumdhulumu mtu. Nalisisitiza hili kwa sababu madhara yaliyofuata yalitokana na karatasi na desturi za kazi yao zaidi kuliko na hila.

Karatasi yenyewe ilikuwa na kurasa mbili kwa Kiingereza, lugha ambayo mwanariadha anaisalimia lakini haisomi mkataba. Mwakilishi wa kampuni ya hapa nchini aliieleza kwa mdomo. Mwanariadha alikubali kuwapa haki zote za hadithi ya maisha yake na ya watu wanaohusiana naye, bila ukomo wa muda, na kwa filamu, mfululizo wa televisheni na kazi nyingine yoyote. Mtayarishaji alipewa uhuru wa kuongeza, kupunguza au kubadilisha lolote, na mwanariadha akaahidi kutodai chochote kutokana na mabadiliko hayo. Kwa upande wake angepata malipo ya mkupuo siku ya kutia saini na asilimia fulani ya faida halisi baada ya filamu kuuzwa. Saini iliwekwa siku hiyohiyo, mwenyekiti akiwa shahidi, na fedha zikaezeka nyumba.

Mtafiti wa kampuni aliondoka na picha za familia, daftari tatu za mwalimu na bunda la barua. Hakukuwa na orodha ya vitu vilivyochukuliwa wala hati ya kuvipokea. Vitu hivyo vilikuwa vimehifadhiwa kwa mwanariadha tangu watoto wa mwalimu walipomkabidhi baada ya msiba, wakiamini kwamba ndiye anayestahili kukaa navyo.

Mtayarishaji anaponunua kinachoitwa haki za hadithi ya maisha, ananunua kitu ambacho watu wengi hawakielewi vizuri. Hakimiliki hulinda kazi, yaani kitabu, barua, picha au wimbo, na hailindi matukio yenyewe. Hakuna anayemiliki ukweli kwamba mtu fulani alishinda mbio fulani. Anachopata mtayarishaji kwa kumlipa mhusika ni ushirikiano wake, yaani kumbukumbu zake za ndani, picha na baraka zake, pamoja na ahadi kwamba hatamshtaki kwa kashfa au kwa kuingilia faragha yake. Ndiyo maana fedha inaweza kuwa ndogo na bado mtayarishaji akaihitaji sana saini hiyo, kwa kuwa benki na wadhamini wanaoingiza fedha kwenye filamu, pamoja na makampuni ya bima, huiulizia kabla ya jambo lingine. Mwanariadha wa kisa hiki hakuelezwa kwamba saini yake ilikuwa na uzito huo.

Skripti ilipofika

Kimya kilipita, kisha ikaja skripti ya zaidi ya kurasa mia moja, ikiambatana na fomu ya kuthibitisha kwamba mwanariadha ameisoma na kuridhika. Binti yake anayefanya kazi mjini ndiye aliyeisoma kwanza, na ndiye aliyewaomba wazazi wasitie saini mpaka kila mtu nyumbani aelewe kilichoandikwa. Tuliifasiri kwa Kiswahili, ikasomwa kwa sauti sebuleni jioni baada ya jioni, mbele ya mwanariadha, mkewe, watoto wao na mmoja wa watoto wa mwalimu.

Mengi yaliwafurahisha. Mtunzi alikuwa amesikiliza vizuri namna baridi ya asubuhi inavyouma masikio, namna watoto wanavyokimbilia shule, namna kambi inavyonuka dawa ya kuchulia misuli. Ila mambo matatu yalilisimamisha somo.

La kwanza ni kwamba mwalimu hakuwamo. Nafasi yake ilichukuliwa na kocha wa kigeni, mtu aliyevunjika moyo katika kazi yake Ulaya, anayefika kijijini kwa bahati, anamwona kijana akikimbia nyuma ya ng'ombe, na kwa kumfundisha anajipata upya. Maneno ambayo mwalimu aliyaandika kwenye daftari zake yalikuwa yamewekwa kinywani mwa kocha huyo, mengine karibu neno kwa neno.

La pili lilimhusu mke, ambaye kwenye skripti anamzuia mumewe mlangoni, anamwita mzembe, na katika tukio moja anavitupa viatu vyake vya kukimbilia motoni. La tatu ndilo lililokuwa zito kuliko yote: mpinzani wa kijiji cha jirani, akiwa amebadilishwa jina lakini akitambulika na mtu yeyote wa wilaya ile, ananaswa akitumia dawa za kuongeza nguvu usiku wa kuamkia mashindano. Jambo hilo halikutokea kamwe.

Desturi za kazi ndizo zilizozaa mambo haya matatu. Filamu ya michezo yenye bajeti kubwa hutafuta uso unaojulikana ili iuzike, na nyuso hizo bado nyingi ni za Ulaya na Marekani, kwa hiyo hutengenezewa nafasi. Hutafuta mvutano ndani ya nyumba, na mke ndiye aliye karibu. Hutafuta adui, na mpinzani aliyeshindwa ndiye aliye tayari. Mtunzi hakuhitaji kumchukia yeyote ili kuandika hivyo.

Hata hivyo mabadiliko hayalingani uzito, na katika kazi hii nimeona yakichanganywa mara nyingi. Filamu ya Chariots of Fire ya mwaka 1981 inaonyesha Eric Liddell, mkimbiaji Mkristo aliyekataa kukimbia Jumapili kwa sababu ya imani yake, akigundua anapopanda meli kwenda Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 kwamba mchujo wa mita 100 umepangwa Jumapili, wakati katika maisha halisi alilijua hilo miezi kadhaa kabla na akapata muda wa kujiandaa kwa mita 400 alizoshinda. Huko ni kuufinya muda ili mtazamaji aione dhamiri ya mtu kwa haraka. Dhamiri yenyewe ilikuwa ya kweli na ilikuwa yake, na hakuna aliyeporwa. Kumpa mtu mwingine jasho la mwalimu ni jambo tofauti kabisa, na kumbambikia mtu aliye hai kosa ambalo lingemfuta katika historia ya mchezo wake ni jambo la tatu, la hatari kuliko yote. Mabadiliko ya aina ya kwanza, ya kuufinya muda, tuliyaachia tangu mwanzo. Kwa aina mbili zilizobaki, familia iliamua kusimama.

Daftari za mwalimu

Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na ndipo napenda wasomaji wasimame kidogo.

Mwanariadha alidhani hana pa kushika, kwa kuwa alikuwa ameshatia saini na kupokea fedha. Mwanasheria aliyeombwa ushauri aliuliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumeliuliza: maneno ya kocha kwenye skripti yametoka wapi? Yalipolinganishwa na kumbukumbu za familia na picha chache ambazo binti alikuwa amezipiga kwenye kurasa za daftari kabla hazijachukuliwa, ikabainika kwamba sehemu kubwa ilitoka kwenye maandishi ya mwalimu. Mwalimu hakuwa ameandika dakika na kilomita tupu. Alikuwa akiandika mawaidha na maelezo ya namna ya kuvuta pumzi kwenye mwinuko, na kwenye barua alikuwa mwandishi hasa, mwenye mizani yake na methali zake.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, maandishi ya namna hiyo ni kazi inayolindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayeshika daftari hamiliki maneno yaliyomo, kama vile anayepokea barua asivyokuwa mwandishi wake. Mwanariadha hakuwa na uwezo wa kuuza haki ya maneno ya mwalimu hata kama mkataba ulimtaka auze, kwa kuwa haki hiyo ilikuwa ya warithi wa mwalimu, na hao hawakuwa wameulizwa na yeyote. Mtayarishaji alikuwa na skripti nzima iliyojengwa juu ya maandishi ambayo hakuwa na ruhusa ya kuyatumia.

Yaani mtu aliyetolewa kwenye filamu ndiye aliyeipa familia nguvu ya kukaa mezani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoizuia filamu. Baadhi ya watoto walitaka kwenda mahakamani mara moja. Mwanariadha alikataa, na sababu zake zilikuwa na mashiko: alikuwa amepokea fedha, alitaka wajukuu waione mbio ile, na alijua kwamba kampuni ingeweza kuliacha jina lake na kutengeneza hadithi inayofanana naye kutokana na habari za magazeti ya zamani, naye asiwe na la kusema.

Uamuzi wa pili ulikuwa kila mtu ajisemee. Mkataba wa kwanza ulizungumzia watu wanaohusiana naye kana kwamba mume anaweza kuuza maisha ya mkewe na ya rafiki yake. Mke aliambiwa wazi kwamba hana deni la saini kwa mtu yeyote. Kuhusu mpinzani, familia iligawanyika: wengine waliona kumwambia ni kuchokonoa kidonda kilichopona, na kwamba ingetosha kuliondoa tukio kimyakimya. Mwanariadha aliamua kwenda mwenyewe kwa mwenzake, akamsomea kurasa zile, akamweleza kwamba hazikutoka kinywani mwake. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba jambo moja, kwamba tukio liondolewe na kuondolewa kwake kuandikwe kwenye karatasi. Barua yake, aliyoitia saini mbele ya wanawe, ikaambatanishwa na madai.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kupanga madai kwa uzito. Shutuma ya dawa iondoke yote, bila mjadala. Mke arekebishwe au atoke. Mwalimu arudi. Fedha zizungumzwe mwisho. Mpangilio huo ulitokana na heshima, kwa sababu mwanariadha hakutaka ionekane kwamba anafufua jambo ili aongezewe. Niliuelewa na niliuheshimu, na bado ninaamini uligharimu.

Vikao vilifanyika kwa simu za video na kimoja ana kwa ana mjini Arusha. Hoja kuu ya mtayarishaji ilikuwa kwamba wafadhili hawataweka fedha kwenye filamu ambayo kocha wake ni mwalimu wa shule ya kijiji anayechezwa na Mwafrika. Binti alikuja amejiandaa. Aliwakumbusha filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair na kutolewa na Disney, ambayo mhimili wake ni Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, na Robert Katende, Mganda aliyemfundisha sataranji. Kocha huyo alichezwa na David Oyelowo, mama akachezwa na Lupita Nyong'o, na hakuna mgeni aliyehitajika kuwafungulia mlango. Aliwatajia pia filamu ya Endurance ya mwaka 1999, ambamo Haile Gebrselassie anaigiza maisha yake mwenyewe hadi dhahabu ya mita 10,000 ya Atlanta mwaka 1996.

Mke wa mwanariadha alizungumza mara moja tu katika kikao kile. Alimwambia mwakilishi wa kampuni: "Mwanangu, viatu vile nilivinunua mimi. Ningevichomaje?"

Matokeo

Mkataba wa pili uliandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, matini zote mbili zikiwa na nguvu sawa. Mtayarishaji sasa anashikilia haki kwa muda uliotajwa. Filamu isipopigwa ndani ya muda huo, haki zinarudi kwa mwanariadha. Mhusika wa mpinzani ameondolewa, na nafasi yake imechukuliwa na mkimbiaji wa kubuni asiye na kijiji wala nchi inayotajwa, anayeshinda na kushindwa kwa miguu yake bila dawa. Tamko la kuondolewa kwa tukio lile limeandikwa na nakala amepewa mzee mwenyewe.

Mwalimu amerudi, kwa jina lililobadilishwa kwa ombi la watoto wake, na maneno yake yamerudi kinywani mwake. Warithi wamelipwa kwa matumizi ya barua na daftari, na mchango wake utatajwa mwishoni mwa filamu. Kocha wa kigeni hakutoka kabisa. Amebaki katika nusu ya pili, akiwa mtu anayempokea mwanariadha ughaibuni, jambo ambalo lina chembe ya ukweli kwa kuwa wakala wa wakati huo alikuwa mgeni. Watoto wa mwalimu hawakulipenda, wakalikubali.

Mke aliamua asionyeshwe hata kidogo. Kampuni ilijitolea kuziandika upya sehemu zake zote, na rasimu niliyoiona ilikuwa nzuri na ya haki, lakini alishikilia neno lake. Kwenye filamu mwanariadha ana dada anayebaki nyumbani.

Picha za familia zimerudishwa, pamoja na barua na daftari mbili. Daftari ya tatu haijapatikana.

Uchambuzi: yaliyofaa

Kusoma skripti kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, mbele ya wote wanaotajwa, ndilo jambo lililozaa mengine yote. Mtu akiletewa muhtasari wa ukurasa mmoja hukubali kwa sababu muhtasari husema "kijana wa kijijini anashinda dunia", na hilo ni kweli. Uongo hukaa kwenye matukio madogo: nani alisema neno gani, nani aliyekuwa mlangoni, nani aliyelipa nauli. Mhusika huyaona hayo pale tu anapousikia ukurasa wenyewe.

Kumfuata mpinzani kabla ya kwenda kwa mtayarishaji kulifaa kwa namna mbili. Kwa mtayarishaji, barua ya mtu aliye hai anayetambulika wilaya nzima iligeuza jambo la hisia kuwa hatari ya kisheria ambayo kampuni ya bima ingeiona. Kwa kijiji, kulizuia tukio lisije kusikika kwa watazamaji wa kwanza na kuwarudisha wazee wawili kwenye ugomvi walioumaliza ujanani. Nadhani la pili lilikuwa na thamani kubwa zaidi, ingawa halimo kwenye mkataba.

Swali kuhusu asili ya maneno linastahili kuulizwa katika kila mradi wa aina hii. Wanariadha wetu wengi wana daftari za mazoezi, barua, picha za kambini na kaseti za redio, na wengi huvitoa kwa mgeni yeyote anayeonyesha upendo. Vitu hivyo ni mali, na mara nyingi si mali ya anayevitoa. Orodha ya vilivyochukuliwa, iliyosainiwa na pande zote, na nakala za picha zilizopigwa kwa simu kabla ya kuvikabidhi, vingetosha. Picha chache za binti, alizozipiga kwa kumbukumbu tu, ndizo zilizobeba hoja nzima.

Uchambuzi: yaliyoshindikana

Kosa la msingi lilikuwa saini ya siku moja. Mmarekani Michael Oher, mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu ya The Blind Side mwaka 2009, alipeleka maombi mahakamani mwaka 2023 akieleza kwamba karatasi aliyoisaini mwaka 2004 akiwa na miaka 18, akidhani inamfanya mtoto wa familia iliyompokea, ilikuwa ya kuwapa usimamizi juu ya mambo yake. Familia hiyo ilikanusha kumdhulumu, na mahakama iliufuta usimamizi huo mwaka huohuo. Kabla ya hapo, mwaka 2011, alikuwa ameshaandika kwamba filamu ilimwonyesha kama mtu asiyeelewa mchezo wake mwenyewe. Mazingira yake na ya mwanariadha wetu hayafanani. Kinachofanana ni saa ile ya kutia saini, ambapo mtu anayeaminiwa anaeleza kwa mdomo karatasi ambayo msaini haisomi, na heshima inazuia maswali. Mwanariadha angeweza kuomba wiki mbili tu na nakala ya Kiswahili, na kampuni iliyokuja kwa heshima isingekataa.

Fedha ndizo zilizopotea zaidi. Asilimia ya faida halisi ilibaki kama ilivyokuwa, na mtu yeyote aliyewahi kuona hesabu za filamu anajua kwamba faida halisi huhesabiwa baada ya gharama za utengenezaji, riba, usambazaji na matangazo kutolewa, hivyo mhusika huweza kungoja miaka asione kitu wakati filamu inajaza kumbi. Familia ingedai malipo ya hatua: kiasi siku skripti inapokubaliwa, kiasi siku kamera zinapowashwa, kiasi filamu inapouzwa kwa mtandao wa kurusha. Malipo ya hatua hayategemei hesabu za mtu mwingine. Madai haya yalipofikishwa mwishoni mwa vikao, baada ya kampuni kukubali mambo matatu makubwa, hayakuwa tena na nguvu nyuma yake.

Cheo alichopewa mwanariadha nacho ni dhaifu. Mkataba unamwita mshauri, mwenye haki ya kusikilizwa. Wachezaji wa tenisi Venus na Serena Williams walikuwa watayarishaji wakuu wa filamu ya King Richard ya mwaka 2021 iliyosimulia jinsi baba yao alivyowalea, na ingawa mwanariadha mstaafu wa kijijini hawezi kujilinganisha nao kwa umaarufu, angeweza kudai haki ya kukataa katika mambo machache yaliyotajwa kwa majina, yaani mke, mwalimu na mpinzani. Haki finyu ya namna hiyo mtayarishaji huikubali kwa urahisi zaidi kuliko cheo kikubwa.

Linaloniuma zaidi ni mke. Uamuzi wake ulikuwa haki yake na uliheshimiwa, lakini tazama ulichozaa: filamu ya mwanariadha aliyesimama kwa sababu mtu mmoja aliuza ng'ombe wake, na mtu huyo hayumo. Imani yake ilivunjika aliposikia tukio la viatu likisomwa sebuleni kwake, na rasimu nzuri iliyokuja baadaye haikuweza kuirudisha. Angeulizwa mwanzoni, wakati mtafiti alipokaa siku kadhaa akimrekodi mumewe huku yeye akipika jikoni, nina hakika angesimulia. Mtafiti hakumhoji hata mara moja. Kasoro hii haikuwa ya kisheria, hakuna kifungu kilichovunjwa, na ndiyo iliyoipokonya filamu sehemu ambayo skripti ilikuwa ikiitafuta kwa kubuni.

Daftari ya tatu inaendelea kutafutwa. Kampuni imekiri kwa maandishi kwamba iliipokea, na mkataba umeweka fidia isipopatikana, ingawa watoto wa mwalimu wamesema hawaitaki fidia hiyo.

Limebaki pia suala la mfululizo wa televisheni. Vikao vilijikita kwenye filamu, na kifungu cha mkataba wa kwanza kilichotoa haki za kazi nyingine yoyote hakikuguswa, isipokuwa kwamba sasa kina ukomo wa muda kama haki nyingine. Iwapo filamu itafanya vizuri, mtayarishaji anaweza kuurefusha muda huo kwa kutengeneza mfululizo, na humo wahusika walioondolewa kwenye filamu hawana ulinzi wowote zaidi ya barua ya mzee mmoja. Familia imeandika kuomba kifungu hicho kifungwe kwa masharti yaleyale ya filamu, na mwanasheria amewashauri wasitoe ridhaa ya matangazo yoyote mpaka jibu lifike.